Damu ya mzee, chupa arobaini

Mwezi wa nne nilipewa kazi ya kupaka rangi chupa arobaini za harusi. Ukumbi wa meza ishirini, kila meza chupa mbili, moja ndefu na moja fupi, za kutia maua makavu. Mwili wa chupa damu ya mzee, shingo krimu, kwa sababu ndizo rangi za harusi zilizopitishwa na kamati. Nikasema sawa, nikapokea nusu ya malipo, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani Kihonda huku ile hela nimeshaipeleka kichwani kwenye ada ya mwanangu.

Chupa zile nilizipaka mara mbili. Sizungumzii koti mbili, yaani tabaka mbili za rangi, maana hizo ni kawaida ya kazi. Nasema kazi nzima, tangu ya kwanza mpaka ya arobaini, mara mbili, na kosa lilikuwa langu peke yangu.

Nianze na baba, kwa sababu kila ninachokijua kuhusu kupika rangi, yaani kuzichanganya mpaka upate unayoitaka, kimetoka kwake, na kila ninapokosea yeye ndiye wa kwanza kuona. Alikuwa mchora mabango hapa Morogoro, enzi ambazo duka halikuwa duka mpaka ukutani pawe na maandishi ya mkono. Hoteli ilichorewa kuku na sahani ya wali unaofuka moshi. Kinyozi alichorewa vichwa vitatu vya mitindo. Fundi saa alichorewa saa, na saa hiyo siku zote ilikuwa saa nne na dakika kumi. Yalipokuja mabango ya flekisi yanayochapwa kwa mashine, kazi ikamponyoka ndani ya miaka michache. Kilichobaki ni boksi la brashi, kijiti cha kuegemezea mkono, na kipande cha kioo cha dirisha, ukubwa wa daftari, kingo zake zimezungushiwa plasta ili kisikate vidole. Kioo hicho sasa ninacho mimi.

Baba alikuwa akinunua rangi tano tu: nyeupe, nyeusi, njano, nyekundu na bluu. Rangi za mafuta, kopo la lita moja moja. Nyingine zote alizipika mwenyewe. Watu huniuliza kwa nini nisiende kwenye maduka yale makubwa yenye mashine ya kuchanganyia, uchague namba kwenye kadi, upewe kopo lako. Mashine ni nzuri kama unapaka nyumba. Mimi leo nataka vijiko kumi vya rangi ya pichi, kesho vijiko ishirini vya kijani cha mzeituni, na keshokutwa bibi harusi kabadilisha mawazo.

Mimi nimeongeza kopo la sita, waridi kali, na sababu yake ni hii. Nyekundu inayouzwa hadiwea, ile ya kupakia mageti, ukiitazama vizuri ina uchungwa ndani yake. Ukitaka zambarau, ukaichukua nyekundu hiyo ukaitia bluu, unapata tope. Nilimwaga makopo mengi kabla sijaelewa. Uchungwa maana yake kuna njano imejificha humo. Ukileta bluu umezikutanisha njano, nyekundu na bluu mahali pamoja, na hizo tatu zikikutana zinaishia kwenye hudhurungi. Zambarau safi inataka nyekundu iliyoegemea upande wa waridi.

Bluu nazo zina tabia hiyo hiyo. Ipo inayoegemea kijani, na ipo inayoegemea zambarau, kama ile buluu ya kufulia mashati meupe. Ya kwanza ukiitia njano unapata kijani cha jani changa la mgomba. Ya pili inakupa kijani cha gwanda la jeshi. Hakuna iliyo mbaya, ila ujue umeshika ipi.

Na kwa kuwa nimeitaja buluu ya kufulia: bibi yangu alikuwa akitia kidogo kwenye chokaa kabla ya kupaka ukuta, na ukuta ukatoka mweupe kuliko chokaa tupu. Nyeupe karibu zote zina umanjano kwa mbali, na bluu inauzima. Baba hufanya vivyo hivyo kwenye kopo la nyeupe, ncha ya kijiti ya bluu, basi. Unga wa rangi hiyo zamani ulisagwa kutoka kwenye jiwe lililochimbwa Afghanistan, ghali ajabu, mpaka Mfaransa mmoja, Jean-Baptiste Guimet, alipopata njia ya kuutengeneza miaka ya 1820. Ndiyo maana mimi na bibi yangu tumeweza kuigusa.

Turudi kwenye damu ya mzee. Napenda majina ya rangi zetu kwa sababu hayazunguki, yanakutajia kitu. Jivu limetoa kijivu, majani yametoa kijani, bizari ndiyo manjano, tunda la zambarau limejitolea lenyewe. Rangi ya ugoro unaijua hata kama hujawahi kunusa. Maji ya kunde tumeyaweka akiba kwa ajili ya ngozi ya mtu, sijasikia mtu akipaka ukuta maji ya kunde. Na damu ya mzee si nyekundu ya jeraha la mtoto aliyeanguka sasa hivi. Ni nzito, imetulia, inakaribia kuwa nyeusi lakini ukiipeleka juani inakuonyesha wekundu wake. Kwa hiyo ninapoambiwa jina, swali langu ni kitu gani chenyewe, kikiwa katika mwanga gani.

Wengi wakitaka damu ya mzee hukimbilia nyeusi. Nyekundu, nyeusi, koroga. Utapata kitu kinachofanana na chai ya rangi iliyolala. Nyeusi inafifisha. Lakini lile tope lililoninyima zambarau, ndilo hilo tunalolitaka hapa! Nyekundu ya geti ikikutana na bluu kidogo inazama yenyewe kuelekea damu ya mzee bila kuitwa nyeusi. Ikizama mno ikawa kama kahawa, naitia waridi kali kuirudishia uhai. Kipimo changu cha leo, kwa makopo ninayonunua mimi, ni nyekundu vijiko 12, bluu kijiko 1, waridi kali vijiko 2. Kwa makopo yako kinaweza kuwa kingine, maana bluu za kampuni tofauti hazilingani nguvu. Ipo bluu ambayo kijiko kimoja kinaweza kula kopo zima. Anza na ncha ya kijiti, koroga mpaka chini, tazama, ongeza. Na siku zote peleka nzito kwenye nyepesi. Ukitaka samawati halafu ukaanza na bluu ukawa unamimina nyeupe ndani yake, utamaliza lita ya nyeupe na samawati bado hujaiona.

Sasa aibu yangu. Niliikoroga damu ya mzee kwenye kikopo cha mtindi, nikaipata vizuri, nikaanza kupaka bila kuandika popote. Chupa ya ishirini na sita, rangi ikaisha. Ilikuwa saa tatu usiku, sitaki kulala, siku ya wateja inakaribia. Nikakoroga nyingine kwa jicho, chini ya taa ya jikoni. Nikaweka tone karibu na chupa iliyopakwa, nikaona zimelingana kabisa. Nikamalizia kumi na nne zilizobaki nikalala na moyo mweupe.

Asubuhi nikafungua mlango wa nyuma. Chupa zangu ziko barazani zimepangwa kwenye ubao, na mstari unaonekana kana kwamba mtu amechora kwa rula: huku damu ya mzee, huku maharage. Nilikuwa nimesahau waridi kali. Na taa yangu, hizi nyeupe za bei ya chini, ina upungufu wa mwanga mwekundu, kwa hiyo mahali ambapo rangi zilitofautiana ndipo hapo hapo ambapo taa ilikuwa kipofu. Rangi mbili zinaweza kukubaliana chini ya taa moja zikaachana juani. Jambo hilo nilishaambiwa tangu nina miaka kumi na mbili.

Baba alikuja na chai yake, akasimama. Hakucheka.

"Mama," akaniambia, ndivyo anavyoniita, "hizi ni baba mmoja, mama mbalimbali."

"Nimeona, baba."

"Kipimo umeandika wapi?"

Nikanyamaza. Akanywa chai. Huo unyamavu wake ulikuwa mrefu kuliko masika.

Nilijaribu kuirekebisha ile ya pili ifanane na ya kwanza na nikapoteza asubuhi nzima. Kopo likishakuwa na mambo manne ndani, kila unachoongeza kinasogeza kingine, na kikopo kinajaa. Ikabidi nipike mpya, moja, ya kutosha zote, nizipake tena zote arobaini. Safari hii nikapiga hesabu kwanza. Lita moja ya rangi ya mafuta inafunika kama mita za mraba 10 kwa koti moja, ikipakwa juu ya kitu laini. Chupa ya nusu lita, ukiizungushia karatasi ukakata na kuipima, ina eneo la sentimita za mraba 450 hivi. Mara arobaini ni kama mita za mraba 1.8, mara koti mbili ni 3.6. Kwa hiyo lita 0.36, na kwa sababu brashi inakunywa na kopo linabakiza, nikapika nusu lita. Ingenichukua dakika tano kufanya hesabu hiyo siku ya kwanza.

Siku hizi daftari lipo. Kila ukurasa una doa la rangi yenyewe, likiwa limekauka, na pembeni vijiko vyake. Doa ni lazima, kwa sababu rangi mbichi inadanganya. Rangi ya maji ndiyo mwongo mkubwa: ikiwa mbichi ina weupe kama wa maziwa kwenye gundi yake, ikikauka weupe unaondoka, na ulichokipenda kinageuka kizito zaidi. Rangi ya mafuta haigeuki sana, ila nayo naisubiri. Na tafadhali, usizichanganye hizo mbili kopo moja. Zinakatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu, na hakuna kukoroga kutakakozirudisha.

Kipimo cha kwanza kabisa, hata kabla ya vijiko, ni kitambaa. Mama mwenyekiti wa kamati alinitumia picha ya sare kwa WhatsApp.

"Shikamoo mama," nikampigia. "Naomba kipande cha kitambaa chenyewe."

"Marahaba. Kwani picha haionekani, mwanangu?"

"Inaonekana mama, ila kwenye simu yangu ni nyekundu na kwenye simu ya mwanangu ni zambarau."

Akatuma kipande, upana wa vidole vinne, kwa dereva wa daladala. Hapo ndipo kile kioo cha baba kinapofanya kazi. Nakilaza kitambaa mezani, naweka kioo juu yake, na tone la rangi naliweka juu ya kioo, hapo hapo juu ya kitambaa. Rangi na kitambaa vinatazamana bila kuchafuana. Natoka nje, kivulini, kabla ya saa nne asubuhi, nafinya macho. Tone likionekana kama kisiwa, bado. Likipotea ndani ya kitambaa, nimefika. Kufinya macho kunaondoa mng'ao na nyuzi, jicho linabaki na rangi tu. Kioo unafuta kwa kitambaa chenye tapentaini, unaanza tena.

Krimu ilinisumbua kidogo tu. Nyeupe na njano pekee haitoi krimu, inatoa ndizi mbivu. Nilitia nyeupe vijiko 10, njano nusu kijiko, kisha nikachovya kijiti cha kiberiti kwenye ile damu ya mzee na kukigusisha. Mguso huo ukaiondolea ukali wa ndizi. Pia zile rangi mbili za chupa zikawa na undugu, jambo ambalo sikulipanga, lakini macho yanaliona.

Mwanangu yuko kidato cha tatu na alinibishia wakati nafanya hayo. Mwalimu wa fizikia kawaambia nyekundu na kijani zikichanganyika hutoa njano. Nikamwambia chukua vijiko hivi viwili ukaniletee njano. Akarudi na rangi ya kinyesi cha ng'ombe na uso umekunjamana. Ana haki, na mwalimu wake ana haki, lakini wao wanazungumzia mwanga, kama wa kioo cha simu, ambao ukiongezwa juu ya mwanga unazidi kung'aa. Rangi ya kopo inafanya kinyume: kila moja inameza sehemu ya mwanga, na ukizirundika mbili zinameza zaidi. Kwa hiyo nyekundu na kijani huzimana. Nilimwonyesha na jingine la kumchanganya: njano na nyeusi, bila bluu hata chembe, hutoa kijani cha mzeituni. Hilo hata mimi sichoki kulitazama.

Kuhusu chupa zenyewe, nitasema haraka. Loweka kwenye maji ya moto na sabuni, kwangua lebo na gundi yake yote, futa kwa spiriti, usishike tena kwa vidole vyenye mafuta. Kioo hakina pa kushikia, kwa hiyo piga msasa laini kidogo, kisha koti la chini. Nyekundu na njano ni dhaifu katika kufunika; juu ya kioo kitupu zitaonyesha michirizi. Mimi koti la chini la damu ya mzee nalipika kutokana na mabaki, wekundu-wekundu wowote. Kati ya koti na koti siku nzima, na masika siku mbili. Usipunguze rangi kwa mafuta ya taa ukitaka ing'ae. Inachelewa kukauka na inafubaa. Tapentaini, tena kidogo.

Jambo moja silifanyii mzaha. Baba ana makopo ya miaka mingi, njano na nyekundu, bado yanatumika ukiyavunja ngozi ya juu. Dada mmoja wa jirani aliomba nimpakie gari la mbao la mtoto. Makopo yale sikuyagusa. Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano na nyekundu, ndizo zilizokuwa zikitiwa kwa wingi madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mtoto gari la mbao analila kwanza ndipo analiendesha. Nilinunua rangi ya maji mpya iliyoandikwa kuwa haina risasi. Na kitu cha zamani kilichopakwa rangi usichokijua, usikipige msasa mkavu ndani ya nyumba.

Harusi ikipita huwa najipa kazi yangu mwenyewe. Mwaka huu ni masinia. Nataka kuchora Uluguru kama ninavyouona kutoka nyuma ya nyumba saa kumi na mbili jioni, na kila nikiupika nauharibu. Mtu akiambiwa mlima atachukua kijani. Ni kweli ukiwa umesimama kwenye migomba ya huko juu ni kijani. Ukiwa Kihonda ni bluu, tena bluu iliyofifia, na kila tuta lililo nyuma ya jingine linafifia zaidi kwa sababu kuna hewa zaidi katikati. Bluu na nyeupe peke yake inatoka kama mlango wa zahanati. Nimejaribu kuitia chungwa kidogo, maana chungwa ndilo linaloituliza bluu, na ndipo ikaanza kufanana na mlima.

Namna ya kuzifanya rangi zififie moja ndani ya nyingine niliiona Dar es Salaam, kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga pale Oyster Bay. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 na alifariki 1972, na rangi aliyotumia ni hii hii ya mafuta ya kupakia milango, juu ya hadibodi. Waliomfuata bado wanaitumia. Nilisimama nyuma ya fundi mmoja aliyekuwa anaweka anga. Hakuipika kwenye kopo. Alipaka njano chini, chungwa juu yake, nyekundu juu zaidi, zote mbichi, kisha akapitisha brashi pana kavu mahali zinapokutana, kushoto kulia, kushoto kulia, hadi mstari kati yake ukapotea. Zilichanganyikia juu ya ubao. Rangi ya mafuta inakuvumilia kwa hilo kwa sababu haina haraka ya kukauka. Jaribu na rangi ya maji hapa kwetu mwezi wa kumi, itakukaukia mkononi.

Sinia la tatu nilimwonyesha baba juzi. Akalitazama, akatazama mlima, akalitazama tena. "Hii ni Uluguru baada ya mvua," akasema. "Wewe unataka kuuchora wa sasa, wenye moshi wa mashamba." Nikaandika daftarini: nyeupe vijiko 8, bluu kijiko 1, chungwa robo, na mbele yake nikaweka alama ya kuuliza.

Ile damu ya mzee ilibaki kama robo ya kopo. Nimekata karatasi ya nailoni nikailaza juu ya rangi ndani ya kopo, nikagongelea kifuniko, nikaigeuza kichwa chini ili ngozi ikiota iote upande wa kitako. Kuna dada wa harusi ya Septemba amepiga simu, anataka "rangi ya mvinyo, lakini isiwe nyekundu sana". Nimemwambia alete kitambaa.